Upande wa Dereva

Gari lilikuwa limesukumwa hadi mwisho kabisa wa yadi ya polisi, nyuma ya teksi zilizopondeka, na mtu asiyejua magari angelipita bila kugeuza shingo. Dodge Charger ya mwaka 1969: pua pana, kiuno chembamba, mgongo unaoteremka taratibu hadi mkiani. Kuanzia mlangoni kwenda nyuma lilikuwa jekundu, rangi mbichi. Kuanzia mlangoni kwenda mbele lilikuwa kutu tupu, maana fundi wake alikamatwa kabla hajalimaliza. Zaidi ya miaka thelathini lilikuwa limelala kwenye ua mmoja huko Alexandra, Joburg, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Kisha likaletwa gereji ya Doornfontein, likaanza kuwa na thamani, na hapo ndipo balaa lilipoingia.

"Eish, mama, umekuja tena?" Sajenti Mabaso alisema. Kiingereza chake kilikuwa na Kizulu kingi ndani yake. "Gari halitakwambia kitu kipya."

"Magari hayasemi uongo, Sajenti. Wanaosema uongo ni wenye magari. Nifungulie boneti."

Biubwa Mselem hakuwa polisi. Alikuwa mwanamke wa Wete, Pemba, mwenye miwani mizito na subira nyepesi, ambaye miaka mingi alifanyia kampuni ya bima kazi ya kukagua magari yaliyopata ajali. Aliwaona watu wakilia machozi ya kweli juu ya magari waliyoyachoma wenyewe. Alipochoka kulipwa na kampuni, alifungua ofisi yake ya upelelezi, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Safari hii aliyemwajiri ni mshonaji mmoja Mkongo aitwaye Denise.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na chungu. Kijana Gustave, mdogo wake Denise, alikutwa sakafuni mwa gereji amepasuliwa kichwa kwa nyundo. Nyundo ilikuwa ya Firmin, fundi wa bodi, na Firmin ni mume wa Denise. Polisi walimchukua asubuhi ileile.

Sababu, walisema polisi, ilikuwa gari hili. Charger za kawaida zilitoka kiwandani kwa maelfu. Chache zaidi zilitoka na alama ya R/T na injini kubwa, na hizo leo matajiri wanazigombania. Mjanja hutafuta kibati cha namba kutoka R/T iliyokufa, akakipachika kwenye Charger ya kawaida. Lakini mnunuzi mwerevu haridhiki na kibati cha kwenye dashibodi. Hufungua boneti, akatafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha mbele kinachobeba rejeta. Mbili zikipatana, hutoa hundi. Gustave alikuwapo siku gari lilipokokotwa kutoka Alexandra, akajua ni la kawaida. Aliposikia linauzwa kwa tajiri wa Sandton kama R/T, alisema atamwendea mnunuzi amwambie. Hakufika.

Kwa hiyo kesi nzima ilikalia swali moja. Aliyegonga namba ya uongo ndiye aliyekuwa na sababu ya kumnyamazisha kijana. Nani aligonga?

Biubwa aliwasha tochi, akainama upande wa kulia, juu ya rejeta. Namba ilikuwa pale. Akailinganisha na kibati cha kwenye dashibodi, nacho kilikuwa kulia, mbele ya usukani. Zilipatana. Akapitisha ukucha juu ya tarakimu. Kingo zilikuwa kali, na kila tarakimu ilikuwa imekata rangi kuukuu na kufika kwenye chuma kinachong'aa. Namba ya kiwandani hugongwa kwanza, rangi ikaja juu yake baadaye. Hii iligongwa juzijuzi tu.

"Bandia," alisema.

"Hilo tunalijua. Sasa tazama hii." Sajenti alimpa mfuko wa plastiki wenye vinamba vya chuma, vile vya kugongea kwa nyundo, kimoja kwa kila tarakimu. "Vya Firmin. Angalia saba."

Mguu wa saba ulikuwa na pengo dogo. Biubwa akarudi kwenye chuma cha gari, akasogeza miwani. Saba ya pale nayo ilikuwa na pengo palepale.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa kila kitu kilisema muundaji ni Firmin. Denise hakuwa amemwajiri amletee jibu hili.

"Huyo mwenye gereji, Ishaka, alisema nini kuhusu namba?" aliuliza.

Mabaso alifunua faili. "Alisema kazi yake ni simu na wateja. Boneti hajawahi kuifungua, namba hajui hata zinakaa wapi. Firmin haruhusu mtu aguse vyombo vyake. Na mahali ilipogongwa namba hatujamwambia mtu yeyote nje ya ofisi hii."

"Hata wakili?"

"Hata wakili. Nenda kamwone mtu wako, mama. Mwambie akiri, atapunguziwa."

*

Njiani kwenda rumande Biubwa alimpitia Denise kumchukulia mumewe sabuni na soksi. Denise alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule, uso mkavu. Tangu wamzike mdogo wake hakuwa amedondosha chozi hata moja, na wanawake wa kanisani walikwisha anza kunong'ona.

"Wanasema mi niko na roho ya jiwe," alisema. "Nitalia namna gani, Mama Biubwa? Nikimulilia Gustave, ni kama ninamuhukumu Firmin. Nikimuombea Firmin, ni kama ninamutemea Gustave mate. Banoko yangu, bandugu ya mama, banapiga simu kila siku toka Bukavu. Banasema kama bwana yangu njo alimwanga ile damu, nitoke kwake na batoto, ao si mutoto wao tena. Banataka jibu siku ya Mungu."

"Jumapili hii?"

"Hii." Akakata uzi kwa meno. "Patron Ishaka tu njo anatusaidia. Unga, mafuta, yote. Bila yeye tungekufa."

Firmin alikuwa amekonda. Alikaa upande wa pili wa kioo, mikono ya fundi imelala mezani haina kazi, na swali lake la kwanza halikuwa la kesi.

"Denise anasema nini?"

"Hasemi," Biubwa alijibu.

"Anaamini mi nilimuua Gustave? Ule kijana mi njo nilimuletaka huku. Alikuwa analala kwa kitanda moja na batoto yangu."

Biubwa hakupenda kusema uongo pasipo faida. Akafungua begi lake.

"Firmin, vinamba vyako unavificha wapi?"

"Kuficha? Viko kwa kabati, kabati haina kufuli. Kila mutu anachukuaka. Patron anachukuaka, Gustave alikuwa anachukua."

"Ishaka anasema hakuna anayegusa vyombo vyako."

Firmin alimtazama tu, kama mtu aliyeambiwa kuwa mvua inanyesha kutoka chini. Biubwa akaandika, kisha akauliza swali aliloliuliza kwa mazoea, la kujaza nafasi kabla ya muda kwisha.

"Wewe ungetaka kutazama namba ya mbele kwenye ile Charger, ungeitazamia wapi?"

"Juu ya radiateur. Upande ya dereva."

"Upande gani?"

Firmin aliinua mkono wa kushoto, akaugonga mezani. "Huku. Gauche."

"Usukani uko kulia, Firmin."

"Sasa?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya fundi, si ya mfungwa. "Usukani iko kulia sababu ilihamishwaka hapa Joburg, zamani, miaka ya sabini. Ile tundu penye ilikuwa inapita kwanza, kule kushoto, mi mwenyewe njo niliiziba toka ndani ya gari. Amerika dereva anakaa kushoto, sawa na kwetu Bukavu. Walihamisha usukani, walihamisha dashibodi. Lakini ile chuma ya mbele nani aihamishe? Inabakiaka vile ilitoka kwa usine, kwa kiwanda. Namba iko kushoto."

"Uliiona?"

"Sijafika mbele bado. Mi nilianzaka nyuma. Lakini itakuwa wapi tena?"

Biubwa alibaki na kalamu hewani. Alikumbuka alivyoinama asubuhi ile. Alikwenda kulia moja kwa moja, bila kufikiri, kama anayeelekea mlango wa chumba chake. Kwao Wete dereva hukaa kulia. Unguja, Dar, Tanga, kote kulia. Na aliyegonga namba ile naye alikwenda kulia, wala hakufikiri.

"Firmin," alisema akiinuka, "kula. Unanisikia? Chochote watakachokupa, kula."

*

Sajenti Mabaso alikuwa anafunga ofisi. Ilibidi Biubwa amshike mkono wa koti.

"Dakika moja ya boneti, Sajenti. Nikikosea sitakusumbua tena."

"Hiyo ahadi naipenda," alisema Mabaso, akachukua funguo.

Upande wa kushoto juu ya rejeta hapakuwa na namba ya kuonekana. Palikuwa na grisi iliyoganda, vumbi la miaka, na manyoya ya kuku. Biubwa alimimina tina ya kuyeyushia rangi kwenye kitambaa, akasugua. Akachukua kisu butu cha kukwangulia rangi, akakwangua polepole kwa ubapa wake, asije akauharibu ushahidi. Tina ilimwasha vidole. Kitambaa cha pili, cha tatu. Kisha mwanga wa tochi ukajikwaa kwenye kitu.

Tarakimu zilitokeza moja moja, zimetulia, kingo zake laini. Rangi ya kiwandani ilikuwa imelala ndani yake tangu siku ya kwanza. Hazikupatana na kibati. Hazikupatana na zile za upande wa pili. Zilikuwa namba za Charger ya kawaida, lilivyo hasa gari lile.

Mabaso aliinama hadi kofia ikamdondoka. "Kuna mbili?"

"Kuna ya kweli na ya uongo. Sasa niambie, Sajenti. Unaghushi gari, na unajua namba halisi iko hapa. Utaanza na nini?"

"Nitaifuta."

"Utaifuta kabla hujafanya lolote. Huyu hakuifuta, kwa sababu hakujua kama ipo. Alisoma mahali kwamba namba hukaa upande wa dereva. Akasimama kwenye usukani, akagonga. Dereva wa Detroit, Amerika, hakumjia akilini. Firmin aliziba tundu la usukani wa zamani kwa mkono wake, na kwao dereva anakaa kushoto. Angekuwa yeye, angekuja hapa kwanza."

"Na gereji ile ilikuwa na watu watatu."

"Wakongo wawili, mmoja kaburini na mmoja rumande. Na Ishaka wa Tanga."

Mabaso aliokota kofia, akaipangusa kwenye paja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ninakuamini, mama. Hakimu hataamini. Nitasimama kortini niseme mtu ni muuaji kwa sababu kwao wanaendesha upande huu? Nahitaji kinywa chake."

"Nitakuletea," Biubwa alisema. Hakufurahi aliposema, maana alikwisha ona njia ni moja tu, na njia hiyo ilipita juu ya Denise.

*

Jumamosi mchana Ishaka alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri cha nyumba ya Denise, kile ambacho zamani alikalia Firmin. Chini ya meza palikuwa na mfuko wa unga na chupa ya mafuta alivyoleta. Alikuwa mtu wa kanzu safi na sauti ya chini, mtu ambaye ukimpa mtoto akubebee hamdondoshi. Sajenti Mabaso alikuwa ndani ya gari barabarani, na kwenye mkoba wa Biubwa simu ilikuwa inarekodi.

"Karibu, Dada Biubwa," Ishaka alisema kana kwamba nyumba ni yake. "Shemeji kasema ulikwenda kumwona ndugu yetu. Hajambo?"

"Hajambo kidogo." Biubwa alikaa. Hakumtazama Denise. "Nimekuja na habari, na si nzuri. Firmin amekiri."

Cherehani ilinyamaza.

"Amekiri nini?" Denise aliuliza.

"Kwamba namba aligonga yeye."

Denise hakupiga kelele. Aliinama taratibu mpaka paji la uso likagusa chuma cha cherehani, akabaki hivyo, mikono imeshika kitambaa cha sare ya mtoto wa mtu. Biubwa alijichukia, akaendelea.

Ishaka alitikisa kichwa. "Lahaula. Basi afadhali kasema, shemeji. Mtu akitubu hupata nafuu, hata kwa Mungu."

"Tatizo ni polisi, Bwana Ishaka. Hawamwamini."

"Hawamwamini vipi? Mtu kakiri mwenyewe!"

"Walimwuliza kaigonga wapi. Akasema upande wa kushoto. Wakaenda kutazama kushoto, wakakuta namba nyingine kabisa, ya zamani. Sajenti anasema huyu fundi hajui hata anachokiri, kachoka na jela tu. Jumatatu huenda wakamwachia."

Ishaka aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kazi ya wiki nzima ikiharibiwa na mjinga.

"Kushoto!" alisema. "Jela imemvuruga huyo. Mwambie sajenti wako atazame kulia, pale juu ya rejeta, pembeni, upande wa dereva. Ipo. Haina haja ya kumbabaisha mtu."

Chini barabarani muuza mahindi alipita akinadi. Denise aliinua kichwa, mstari mwekundu wa cherehani umemkaa usoni.

"Umeiona?" Biubwa aliuliza.

"Nani, mimi? Firmin aliniambia."

"Firmin anayesema kushoto?"

"Basi nimesikia kwa polisi."

"Polisi hawajamwambia mtu. Na kwenye maelezo yako uliapa kwamba boneti hujaifungua, na namba hujui hata zinakaa wapi."

"Ah, Dada Biubwa! Si kila mtu anajua? Upande wa dereva!"

"Kwetu sisi, ndiyo. Mimi mwenyewe nilikwenda kulia bila kufikiri, ningeapa kuwa ndiko. Lakini gari lile lilizaliwa kwa watu wanaokaa kushoto, na Firmin kazaliwa kwa watu wanaokaa kushoto. Asingegonga kulia hata usingizini. Na namba ya kweli umeiacha palepale, nzima, chini ya manyoya ya kuku."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ishaka ilikuwa imeishia kwenye kiti cha watu. Alitazama mlango. Alitazama mkoba wa Biubwa. Kisha kanzu yake ikawa kama imemzidi ukubwa.

"Nilimsihi," alisema, na hakuwa akimwambia Biubwa. "Shemeji, wallahi nilimsihi. Nilimwambia anyamaze mpaka mauzo yapite, nitamfungulia gereji yake mwenyewe. Akanicheka. Akasema mnunuzi naye ni mtu. Nyundo ilikuwa pale mezani, ningekuwa na..."

Hakumaliza, kwa kuwa Denise alikuwa amesimama. Alipita mbele yake bila kumgusa, akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akautia kifuani. Akavuta kigoda, akakaa na mgongo wake kwenye mlango.

"Mama Biubwa," alisema, "Firmin hakukiri?"

"Hakukiri, Denise. Nimekudanganya, na sitakulaumu ukinichukia."

Denise aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea salamu za mbali. Kisha akamgeukia mtu aliyekaa kwenye kiti cha mumewe.

"Patron, ulibeba sanduku ya Gustave. Ulikuwa mbele, upande ya kichwa. Ulisema upewe wewe upande ya kichwa, sababu ulikuwa unamupenda." Akaunyooshea kidole mfuko wa chini ya meza. "Na unga yako batoto yangu bamekula."

Biubwa alikwishampungia mkono Sajenti dirishani. Viatu vya Sajenti Mabaso vilisikika vikipanda ngazi, vikafika, na mkono ukagonga mlango. Denise alichukua ufunguo kifuani, akamnyooshea Biubwa bila kuinuka.

"Gustave," alisema. "Mudogo yangu. Gustave, ee, Gustave."

Machozi yalikuja yote kwa pamoja, ya mazishi na ya siku zilizofuata, na sauti yake ikatoka dirishani hadi kwa wanawake wa kanisani waliokuwa wakianika nguo ghorofa ya chini. Biubwa alimsogeza taratibu pamoja na kigoda chake ili mlango ufunguke. Sajenti alivua kofia, akampita kwa uangalifu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.